Maandiko Husomwa kwa Sikio Pia



Huko Igogwe, katika Wilaya ya Rungwe, jua likishatua baridi huteremka kutoka mlimani na watu husogea karibu na moto. Ni saa nzuri ya kusoma. Tulikuwa huko pamoja na jumuiya ya wasomaji wachache wa Maandiko Matakatifu, ambao wamejiwekea desturi moja: kila mmoja husoma peke yake nyumbani sura iliyoagizwa, kisha huleta mbele ya wenzake mahali pamoja palipomshinda. Haruhusiwi kuleta mahali palipompendeza. Twaisifu sana desturi hiyo, kwa maana palipompendeza mtu mara nyingi ni pale alipokwisha kupafahamu kabla hajafungua kitabu.

Sura ya jioni ile ilikuwa ya kwanza ya Nabii Yeremia, na kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alileta mistari ya 11 na 12. Mungu amwuliza Yeremia aona nini. Yeremia ajibu kwamba aona tawi la mlozi. Mungu amsifu kwa kuona vema, kisha amwambia kwamba Yeye aliangalia neno lake hata alitimize. "Basi," akauliza mwalimu, "mlozi umekuja kufanya nini hapa? Hata kama angaliona tawi la mwembe, jibu la Mungu lingalikuwa lilelile."

Swali hilo lilikuwa jema kuliko majibu yote tuliyompa. Mmoja alisema kwamba mlozi ni mti wa thamani. Mwingine alisema kwamba tawi ni fimbo, na fimbo ni adhabu. Tulikuwa tukifanya wafanyavyo wasomaji wengi wanapokuta sentensi isiyoungana na mwenzake, yaani kujaza pengo kwa maneno mema. Ndipo mwenye Biblia yenye maelezo chini ya ukurasa aliposoma yale maandishi madogo ambayo wengi wetu huyaruka. Katika Kiebrania mlozi huitwa shaked, na yule akeshaye akiangalia jambo huitwa shoked. Herufi ni zilezile, irabu tu ndiyo iliyobadilika. Yeremia alipolitaja jina la mti, alikuwa amekwisha kulitamka jibu la Mungu pasipo kujua, na ndiyo maana aliambiwa kwamba ameona vema. Tena katika nchi ile mlozi ndio mti utanguliao mingine kuchanua maua wakati baridi haijaisha, kana kwamba umekesha huku mingine imelala. Kama twataka kulisikia jambo hilo kwa Kiswahili, yatubidi tuupe mti jina jipya: Yeremia aona tawi la mkesha, na Mungu asema kwamba anakesha.

Mwalimu aliandika maneno hayo mawili pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi. "Kumbe sentensi haikuvunjika," alisema. "Ni sisi tuliopokea kipande kimoja."

Jambo hili si la Yeremia peke yake. Manabii hawakuwa waandishi wa kukaa mezani. Walisimama penye watu wakasema, na aliyewasikia hakuwa na karatasi ya kurudia, hata neno lililomnasa sikioni ndilo lililobaki naye. Amosi, katika sura ya 8, aonyeshwa kikapu cha matunda ya kiangazi, na papo hapo aambiwa kwamba mwisho wa Israeli umefika. Asomaye Kiswahili hujiuliza matunda na mwisho vimepatana wapi. Vimepatana kinywani: matunda hayo ni kayits, na mwisho ni kets.

Isaya naye, katika sura ya 5, amaliza wimbo wake wa shamba la mizabibu kwa pigo la namna hiyohiyo, tena mara mbili. Mungu alitazamia mishpat, yaani haki, akaona mispah, yaani umwagaji wa damu. Alitazamia tsedaka, yaani uadilifu, akasikia tseaka, yaani kilio cha walioonewa. Maneno hayo yafanana wawili wawili kama mapacha, na katika kila jozi moja ni jema na la pili ni baya. Hapo ndipo ulipo uchungu wenyewe. Kwa mbali taifa lile lilionekana kama shamba lizaalo haki. Aliyelikaribia akagundua kwamba kilichozaliwa ni kitu kingine chenye sura ileile. Katika tafsiri twaipata habari yote, lakini ule mfanano hatuupati, na mfanano ndio uliokuwa ukimshtaki msikilizaji. Kwa Kiswahili tungethubutu kusema kwamba alingojea haki ikaja dhiki. Lakini huko ni kujaribu tu.

Wako watakaosema kwamba kucheza na maneno ni kazi ya watoto na ya waimbaji wa harusini, wala haifai katika Neno la Mungu. Na waifungue sura ya 13 ya Danieli, katika Biblia zenye vitabu vyote tuvipokeavyo sisi Wakatoliki. Suzana amekwisha kuhukumiwa kufa kwa ushahidi wa uongo wa wazee wawili. Kijana Danieli awatenga, na kila mmoja kwa zamu yake amwuliza aliwaona watu hao chini ya mti gani. Wa kwanza ataja mti ambao kwa Kigiriki huitwa skhinos, naye Danieli amjibu kwamba malaika wa Mungu atampasua, na kupasua ni skhizo. Wa pili ataja prinos, naye aambiwa kwamba malaika amngoja kwa upanga amkate vipande viwili, kwa neno lenye asili ya prio, yaani kukata kwa msumeno. Kila mmoja amejichagulia mti wa uongo, na jina la mti huo lageuka hukumu yake. Maisha ya mwanamke asiye na kosa yanategemea majibu hayo mawili.

Wataalamu wa kale waliliona jambo hilo mapema. Katika karne ya 3 Julius Africanus alimwandikia Origene kwamba, kwa kuwa mfanano huo uko katika Kigiriki, habari ya Suzana haiwezi kuwa iliandikwa kwanza kwa Kiebrania. Origene alimjibu kwa barua ndefu, akasema kwamba huenda mfasiri alibuni mfanano wa Kigiriki mahali pa ule wa asili. Mtakatifu Yeronimo, aliyeaga dunia huko Betlehemu karibu na mwaka 420, alionyesha kwamba hata Kilatini chaweza kubuni wa kwake: aliyetaja mti uitwao ilex angeambiwa kwamba atakufa ilico, yaani papo hapo. Tulipowasimulia wenzetu wa Igogwe habari hiyo, fundi seremala mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Basi kwa huku kwetu mzee angesema aliwaona chini ya mparachichi, na Danieli angemwambia, malaika atakupara." Watu walicheka sana. Kisha mmoja wao akasema kwamba kwa mara ya kwanza amemwogopa Danieli.

Sisi tusomao Kiswahili tunayo bahati moja ambayo twaipuuza. Lugha yetu imepokea maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Kwa hiyo mara nyingine mchezo uliopotea katika Kiingereza umebaki kwetu, wala mfasiri hakukusudia. Chukua kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, mstari wa 6, ambapo Mungu akataza uuaji baada ya gharika. Katika Kiebrania mstari huo mfupi umefumwa kwa maneno mawili yanayoitikiana, dam na adam. Tafsiri ya Kiingereza hulazimika kutumia maneno mawili yasiyojuana kabisa kwa sauti. Sisi tunayo damu na mwanadamu. Tumeyasoma mara ngapi tusisikie? Waebrania walisikia pia adama, yaani udongo, katika jina la Adamu, ndiyo maana sura ya 2 yasema aliumbwa kutoka humo. Hilo la udongo Kiswahili hakikulihifadhi, lakini la damu lipo, nalo huingia sikioni mwa kila aulizaye.

Mfano wa pili ni Isaya 7, mstari wa 9. Mfalme Ahazi ametetemeka mbele ya maadui wawili, naye Isaya amwambia kwa maneno machache kwamba wasipoamini hawatakuwa imara. Katika Kiebrania kuamini na kuwa imara ni kitenzi kimoja katika sura mbili, na mzizi wake ni ule uliozaa neno Amina tunalomalizia sala. Kwa njia ya Kiarabu Kiswahili kimeurithi ukoo huo mzima: amini, imani, amana, mwaminifu, amani. Mhubiri mwenye sikio angemwambia Ahazi kwamba asiyeamini hana amani, naye asingekuwa mbali na alichosema nabii.

Lakini hapa pana shimo, na sisi wenyewe tuliwahi kutumbukia humo. Miaka iliyopita tulifundisha mbele ya watu kwamba Sabato ni neno lililotokana na saba, kwa kuwa Sabato ni siku ya saba. Ilikuwa hoja ya kupendeza, na watu waliitikia kwa kichwa. Haikuwa kweli. Saba ya Kiebrania ni sheva, nayo huishia kwa herufi nyingine kabisa kuliko shabat, ambayo asili yake ni kitenzi cha kuacha kazi na kutulia. Kiswahili ndicho kilichotuchezea, wala si Mwanzo. Kwa upande mwingine sheva hiyohiyo ina mchezo wa kweli katika Mwanzo 21: Abrahamu atenga wana-kondoo jike saba mbele ya Abimeleki, wawili hao waapa, na kisima chaitwa Beer-sheba, kwa kuwa katika Kiebrania saba na kuapa huandikwa kwa herufi zilezile. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kwamba hapa Maandiko yenyewe yameyaweka maneno karibu karibu yakayafunga pamoja. Kule ni sisi tuliofunga. Tangu siku ile hatufundishi mfanano wowote tusiouona umefungwa na mwandishi mwenyewe, tena hatuuamini mpaka tumeuliza padre au kitabu cha mtu ajuaye lugha ile.

Papa Pio XII, katika barua yake ya tarehe 30 Septemba 1943, siku ya kumbukumbu ya Yeronimo, aliwahimiza wataalamu warudi kwenye lugha za asili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko wenyewe. Mkulima wa viazi wa Igogwe hataweza kujifunza Kiebrania, wala hakuna amtakaye afanye hivyo. Aweza kusoma kwa sauti, aweza kuweka tafsiri mbili kando kando na kusimama zinapoachana, na zaidi ya hayo anayo lugha ya mama yake. Juu ya hiyo ya mwisho twataka kueleza jambo tulilolishuhudia.

Jioni ya pili ilisomwa sura ya 3 ya Injili ya Yohane, Nikodemo amwendeapo Bwana Wetu Yesu Kristu usiku. Sura hiyo imejaa maneno yenye nyuso mbili. Lile la Kigiriki ambalo baadhi ya tafsiri huliweka kama kuzaliwa upya, au mara ya pili, lina maana nyingine pia ya kutoka juu. Nikodemo alishika maana moja akauliza juu ya tumbo la mama, wakati Bwana alikuwa akinena habari ya juu. Mfasiri hana budi kuchagua, na akichagua, Nikodemo huonekana mjinga kuliko alivyokuwa.

Palikuwapo bibi mmoja mzee asiyejua kusoma, wala Kiswahili chake si kingi. Mjukuu wake, msichana wa sekondari, alikuwa akimsomea na kumgeuzia kwa Kinyakyusa. Walipofika mstari wa 8, msichana alisimama. Katika Kiswahili mbele yake palikuwa na upepo mwanzoni na Roho mwishoni. Yeye alikuwa amesema mbepo kwa la kwanza, na alipofika la pili akajikuta amesema tena mbepo. Akaona aibu. "Samahani, Bibi," akasema, "nimerudia neno. Kinyakyusa changu ni kibovu."

"Hukurudia kwa ubovu," akajibu bibi. "Ndivyo lilivyo."

Na ndivyo lilivyo kweli. Katika Kigiriki cha Yohane upepo ni pneuma na Roho ni pneuma, neno moja katika mstari mmoja, na fundisho zima limesimama juu ya hilo. Kiebrania nacho chatumia neno moja, ruah, ambalo ni ndugu wa roho yetu ya Kiswahili. Ila Kiswahili kilipokea upande mmoja tu wa ndugu huyo, upepo ukaachwa nje. Kinyakyusa hakikuacha kitu nje. Mbepo ni upepo, ni baridi, ni pumzi, na ni neno ambalo wafasiri wa Maandiko ya Kinyakyusa walilichukua kumtaja Roho. Binti aliyesoma alidhani ameharibu, naye alikuwa amekaribia Kigiriki kuliko sisi wote tuliokuwa na vitabu magotini.

Bibi hakuishia hapo. Aliuliza, "Hiyo mbepo ni ya nani? Ni ya watu?"

Vijana hawakufahamu swali, wazee walifahamu. Mtaalamu wa mila Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1951, alieleza sana juu ya imbepo sya bandu, yaani pumzi ya watu. Wazee waliamini kwamba majirani wakimkasirikia mtu kwa kosa lake na kunung'unika kwa midomo, pumzi yao humwangukia kama baridi, naye hutetemeka na kuugua. Bibi alitueleza kwamba alipokuwa mke kijana alilala siku nyingi akitetemeka, na kijiji kizima kikajua sababu: mumewe alichinja ng'ombe asiwakumbuke majirani. Hata baada ya kubatizwa, alisema, kila asikiapo mbepo kanisani mwili wake hukumbuka kwanza baridi ile. Wafasiri walichukua neno lililokuwa na hofu ndani yake. Hatuwalaumu, maana hapakuwa na jingine, lakini kazi ya kuitenga mbepo moja na nyingine waliiacha ifanywe na kila msikilizaji peke yake.

Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba mbepo ya Yohane si ya watu, maana mwenyewe asikiaye sauti yake hajui yatoka wapi wala yaenda wapi. Pumzi ya majirani, kinyume chake, ilijulikana sana yatoka nyumba gani. Bibi alitikisa kichwa, akakaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Ndiyo maana alikuja usiku, yule mzee. Aliogopa midomo ya watu."

Injili haisemi kwa nini Nikodemo alikuja usiku. Lakini Yeronimo aliwaza kama bibi huyu. Alipoandika juu ya Myahudi aliyemfundisha Kiebrania, alieleza kwamba mwalimu huyo alikuja kwake gizani kwa kuwaogopa wenzake, akamwita Nikodemo wa pili. Tulipowaambia hayo, bibi aliuliza Yeronimo alikuwa mtu wa wapi. Akaambiwa. Akamwamuru mjukuu aanze tena sura toka mwanzo, na safari hii asiombe radhi.

Yule msichana alitueleza baadaye kwamba shuleni hasemi Kinyakyusa kabisa, na kwamba wadogo zake nyumbani huitikia kwa Kiswahili hata wanaposemeshwa na bibi. Ameanza kuandika katika daftari maneno ya bibi yenye maana zaidi ya moja. Amefikia kurasa nne.

Juma lijalo jumuiya ya Igogwe imeagizwa barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni, ambayo yaweza kusomwa yote kabla chai haijapoa. Asomaye pamoja nao na ajue kwanza kwamba jina la mtumwa Onesimo kwa Kigiriki maana yake ni mwenye kufaa, kisha auendee mstari wa 11. Katika mstari wa 20 Paulo alichezea tena jina hilohilo, na tafsiri zetu za Kiswahili zimepita kimya. Huo tumeuacha bila maelezo makusudi.